Saa ya Seva na Saa ya Ukutani

Kabla hujaenda mbali, hebu tazama saa ya simu yako. Kisha tazama saa iliyo kwenye kona ya kompyuta yako. Zinafanana? Kama zinafanana, umewahi kujiuliza ni nani aliyeziambia? Na kama zimepishana kwa dakika mbili tatu, ipi ndiyo kweli? Wengi wetu hatujiulizi. Tunaamini kuwa kompyuta ni kompyuta, haikosei saa, kama vile wazee wetu walivyoamini kuwa redio haikosei saa. Mzee akisikia mlio wa kuanza kwa taarifa ya habari alikuwa anavuta kidude cha saa yake ya mkononi, anairekebisha, basi. Redio imesema.

Mimi ni mwandishi wa habari, si fundi wa mitambo. Chuoni nilisoma mambo ya habari, na somo pekee la kompyuta nililosoma lilihusu jinsi ya kuandika barua na kutengeneza majedwali. Lakini mwaka 2024 nililazimika kujifunza jinsi seva inavyopata saa, jinsi inavyojiwekea akiba siku chanzo chake kinapopotea, na nini hutokea binadamu anapoingiza saa hiyo kwa mkono wake. Nilijifunza kwa sababu dada mmoja tuliyekuwa tukifanya naye kazi alikuwa karibu kukosa mkate wake kwa ajili ya dakika 14. Nitakusimulia. Ila kwanza tuelewane kuhusu saa yenyewe.

Ndani ya kila kompyuta kuna kipande kidogo cha kwatzi kinachotetemeka, na kompyuta inahesabu mitetemo hiyo ili kujua muda umekwenda kiasi gani. Kitu kizuri, cha bei rahisi, lakini hakina uaminifu wa kudumu. Joto likipanda kinabadilika, kikizeeka kinabadilika. Kikikosea kwa sehemu 50 tu katika milioni, jambo la kawaida kabisa, kompyuta inapotea kwa zaidi ya sekunde 4 kila siku. Kwa mwezi ni dakika mbili na ushei. Ofisi yenye kompyuta arobaini, kila moja ikipotea kwa njia yake, ni kama kijiji ambacho kila nyumba ina jogoo wake na kila jogoo ana alfajiri yake.

Ndiyo maana kuna kitu kinaitwa NTP, itifaki inayotumiwa na kompyuta kuulizana saa kupitia mtandao. Aliyeibuni ni profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, aliyeitwa David Mills. Maelezo yake ya kwanza rasmi yalitoka mwaka 1985, na kazi hiyo aliendelea kuilea kwa miongo kadhaa hata macho yake yalipokuwa yameshafifia sana. Alifariki Januari 2024. Magazeti yetu hayakuandika hata mstari mmoja, pamoja na kwamba kila gazeti linalopangwa kwa kompyuta linatumia kazi ya mikono yake kila siku ya Mungu.

Utaratibu wa NTP unafanana na ukoo. Juu kabisa zipo saa zenyewe: saa za atomu, au setilaiti za GPS ambazo nazo zimebeba saa za atomu. Hizo ni tabaka sifuri. Seva iliyounganishwa moja kwa moja na saa hizo iko tabaka la 1. Seva inayomuuliza huyo wa tabaka la 1 inakuwa tabaka la 2, na kuendelea hadi 15. Ukiona 16, maana yake seva inasema waziwazi: mimi sijui saa, msiniulize. Napenda sana hiyo 16. Laiti na wanasiasa wetu wangekuwa nayo.

Ofisini kwetu palikuwa na seva moja iliyofanya kazi ya kuwapa saa wengine wote. Yenyewe iliuliza saa nje, kwenye intaneti, na kompyuta zetu zote ziliiuliza yenyewe. Utaratibu mzuri. Kasoro yake ilikuwa moja: hapakuwa na mpango wa maana wa siku ambayo nje hakuna wa kumuuliza.

Siku hiyo ikafika. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zinazohudumia upande huu wa Afrika zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi za jirani kwa siku kadhaa. Bila shaka unakumbuka. Watu walirudi kupigiana simu za kawaida na kutumiana ujumbe mfupi kama zamani. Kwa gazeti haikuwa mwisho wa dunia, kwa sababu kiwanda chetu cha uchapaji kilikuwa nyuma ya jengo lile lile na waya wa ndani ulitosha kupeleka kurasa. Tuliendelea kutoka kila siku.

Jumanne usiku umeme ukakatika. Ile betri kubwa ya kushikilia seva ilikuwa imekufa siku nyingi. Kila mkutano inazungumzwa, kila bajeti inaahirishwa. Seva ikazimika ghafla. Jenereta lilipowaka, seva nayo ikawaka, ila iliamka ikidhani ni Januari mosi ya mwaka ambao mimi nilikuwa bado shule ya sekondari. Sababu? Ndani ya kompyuta kuna kibetri kidogo cha duara, kama cha saa, kinachoandikwa CR2032. Kazi yake ni kuitunzia saa wakati umeme haupo. Cha kwetu kilikuwa kimekwisha. Hakigharimu hata nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi Kariakoo.

Seva ikajaribu kuuliza nje. Nje kimya. Na programu yetu ya kupangia kurasa, ikiona tarehe ya ajabu, ikakataa kumruhusu mtu yeyote kuingia. Fundi wetu alikuwa mkoani, msibani. Akapigiwa simu. Akamwelekeza kijana mmoja wa idara nyingine, neno kwa neno, namna ya kuingiza tarehe na saa kwa mkono. Kijana akauliza, "Kaka, niweke saa ngapi?" Fundi akamjibu, "Weka saa ya sasa hivi." Kijana akainua macho, akatazama saa ya ukutani ya chumba cha habari, akaandika alichokiona.

Sasa, wewe ambaye hujafanya kazi gazetini hujui siri ya ile saa. Mhariri wetu wa habari alikuwa ameisogeza mbele dakika 14 kwa makusudi, ili waandishi wavivu waone muda umekwisha kabla haujaisha. Sisi wote wa chumba kile tulijua, na kila aliyeitazama alitoa 14 kichwani bila hata kufikiri. Kijana wa watu, akitoka idara nyingine, angejulia wapi?

Basi kuanzia usiku ule ofisi nzima ikaishi dakika 14 mbele ya Tanzania. Kompyuta zote ziliuliza seva, seva ikazijibu kwa kujiamini, zote zikaafikiana. Wachache waliogundua kuwa saa ya kompyuta na ya ukutani sasa zinalingana walidhani mhariri hatimaye amekuwa mtu mwema akairekebisha ile ya ukutani!

Jumatano ukurasa wa kwanza ulitakiwa kufika kiwandani kabla ya saa mbili kamili usiku, ili magari ya mikoani yawahi. Magari hayakuwahi. Nakala za mikoa miwili ziliachwa na basi. Wakubwa wakataka kujua nani mzembe. Wakafungua kumbukumbu za seva, na humo imeandikwa: ukurasa wa kwanza umepokelewa 20:09. Saa mbili na dakika tisa. Aliyeutuma ni dada msanifu kurasa, mama wa watoto wawili, mtu ambaye sijawahi kumwona akichelewa hata kwenye chai. Jumatatu iliyofuata akapewa barua ya kutakiwa kujieleza kwa nini asichukuliwe hatua. Ndugu msomaji, aliyewahi kuajiriwa anaijua barua hiyo. Ukiipokea unaanza kuhesabu kodi ya nyumba.

Akanijia mimi nimsaidie kuandika majibu. "Kaka, wewe ndiye unayejua kuandika," aliniambia. Nikamuuliza swali ambalo mwandishi yeyote huuliza: una ushahidi? Akatoa simu. Ulikuwepo ujumbe mfupi aliomtumia mtu wa kiwandani: "Ukurasa wa kwanza umeingia, angalia." Simu ilionyesha umetumwa 19:56. Dakika nne kabla ya saa mbili. Simu yake haikuwa inaiuliza saa ile seva yetu. Ilikuwa inaipata kutoka kwenye mtandao wa simu.

Sasa tukawa na saa mbili zinazobishana, na mabosi wanaamini ile iliyo kwenye kabati lenye kufuli. Nikamfuata fundi, ambaye alikuwa amesharudi. Nilikaa naye jioni mbili. Jioni ya kwanza alinieleza haya mambo ya matabaka. Jioni ya pili tukasoma kumbukumbu za seva mstari kwa mstari, na tukaupata mstari wenyewe. Ijumaa, intaneti iliporudi, seva iliuliza nje, ikajibiwa, ikagundua iko mbele, ikajirudisha nyuma kwa mkupuo mmoja: sekunde 838 na ushei. Gawanya kwa 60. Karibu dakika 14.

Fundi akaniambia jambo jingine lililonitoa jasho. Programu ya NTP iliyokuwa kwenye seva ile ina mpaka: ikikuta tofauti inayozidi sekunde 1,000, kwa kawaida haijirekebishi. Inaona hilo si kosa dogo, huenda anayeniambia saa ndiye mwongo, basi inajizima na kuacha maelezo. Sekunde 838 ziko ndani ya mpaka. Kwa hiyo ilijirekebisha yenyewe kimya kimya. Kama mhariri angesogeza saa yake dakika 17 badala ya 14, seva ingegoma na kelele zingepigwa siku ile ile. Na kama tusingeutafuta ule mstari mmoja, Jumatatu ile kila kompyuta ilikuwa inaonyesha saa sahihi kabisa. Yeyote ambaye angekuja kukagua angesema: mbona saa zenu ziko sawa? Dada kachelewa.

Tukaandika majibu. Nakala ya mstari, picha ya ujumbe wa simu, hesabu ya kutoa 14 kutoka 20:09, jibu 19:55. Ukurasa uliingia 19:55, ujumbe ukafuata 19:56. Kilichochelewesha magari kilikuwa mashine ya kutengeneza pleti, iliyosumbua tangu umeme ulipokatika. Barua ilifutwa. Hakuna aliyemwomba radhi. Alirudi kwenye kiti chake akaendelea kupanga kurasa, na tangu siku hiyo alianza kupiga picha saa ya simu kila alipotuma ukurasa.

Sitaki uishie kusikitika tu. Kuna mambo ya kufanya, na nitayaeleza kama nilivyoelezwa, kwa lugha ya mtu asiye fundi.

La kwanza, usiwe na shahidi mmoja. Seva iulize vyanzo vya nje vinne au zaidi, visivyotegemeana. Kwa nini vinne? Ukiwa na kimoja utaamini chochote kinachosema. Ukiwa na viwili vikabishana, hujui umfuate nani. Vitatu vinaweza kumtenga mwongo mmoja, lakini kimoja kikizimika unarudi kwenye viwili. Vinne vinakupa nafasi ya kupumua. Huu si ushauri wa fundi wetu peke yake. Mwongozo wa wataalamu wa NTP uliotolewa mwaka 2019 unasema hivyo hivyo. Na usidhani wakubwa hawakosei. Tarehe 19 Novemba 2012 seva mbili za saa za kituo cha jeshi la majini la Marekani, kituo ambacho kazi yake ni kutunza saa ya taifa lile, zilitangaza kuwa ni mwaka 2000. Kosa lilidumu chini ya saa moja, lakini waliokuwa wakimtegemea huyo huyo tu walirudishwa nyuma miaka 12, na mifumo ya kuingilia ya baadhi ya ofisi ikavurugika.

La pili, kama kazi yenu inategemea saa, wekeni chanzo chenu wenyewe kisichohitaji intaneti. Antena ya GPS juu ya paa, mahali inapoona anga wazi, waya mpaka kwenye seva. Nyaya za baharini zikikatika, setilaiti hazina habari. Lakini hata huyo usimwabudu. Januari 2016, wakati Wamarekani wanaistaafisha setilaiti moja ya zamani, baadhi ya setilaiti za GPS zilitangaza saa yenye kosa la mikrosekunde 13.7. Kwa gazeti hilo si kitu. Kwa mitambo ya mawasiliano ya redio na simu ilikuwa shida. Na Aprili 2019 hesabu ya wiki za GPS, inayoishia 1,024, ilirudi sifuri, na vipokezi vya zamani visivyofanyiwa marekebisho vikachanganya tarehe. Kwa hiyo GPS iwe shahidi mwingine kando ya wale wa intaneti. Isiwe mfalme.

La tatu, kaimu. Hapa ndipo pa akiba yenyewe. Unaweza kuiambia seva: wote wakipotea, tumia saa yako ya ndani, na uendelee kuwajibu wenzako. Kwenye programu inayoitwa chrony, ambayo seva nyingi za Linux zinaitumia siku hizi, ni mstari mmoja tu:

local stratum 10

Kwenye NTP ya zamani ndiyo ile saa bandia inayoandikwa kwa anwani 127.127.1.0, nayo ikawekwa tabaka la 10. Kwa nini 10 na si 1? Fikiria mlango wa ofisi ulioandikwa Kaimu Mkurugenzi. Kaimu anasaini, kazi zinaenda, lakini kila mtu anajua ni kaimu, na mwenyewe akirudi safari kaimu anarudi kwenye meza yake. Tabaka la 10 ni hilo neno kaimu mlangoni. Seva yoyote ikisikia chanzo halisi cha tabaka la 2 au la 3, itamwacha huyu wa 10. Ukimwandika tabaka la 1 umemvisha joho lisilo lake, na kompyuta nyingine zitamwamini hata wakati wenye saa ya kweli wapo.

Ila elewa kaimu anafanya nini. Hakupi saa sahihi. Anakupa saa moja kwa wote. Kwa siku mbili tatu hiyo inatosha, maana sekunde chache hazimuui mtu, na kompyuta zikiafikiana kazi inakwenda. Mifumo mingi ya kuingilia ofisini inavumilia tofauti ya dakika 5 tu kati ya kompyuta na seva, halafu inakufungia mlango. Kwa hiyo kuafikiana si jambo dogo. Lakini kaimu akiingizwa na saa mbovu mwanzoni, ataigawa saa mbovu kwa haki na usawa, kila mtu atapata fungu lake.

Kama mna seva mbili au tatu, ziache zitazamane. Ipo namna inayofanya seva zilizopotewa na vyanzo vyote vya nje zichague mmoja wao awe kiongozi, zingine zimfuate, badala ya kila moja kwenda njia yake. Mafundi wanaziita seva yatima. Jina zuri. Yatima wakishikana mikono hawapotei haraka.

La nne, mkono wa binadamu. Huu uwe wa mwisho, lakini uwe umepangwa. Kwenye chrony unaandika neno manual kwenye faili la mipangilio, ndipo inakuruhusu kuingiza saa kwa amri ya settime. Uzuri wake ni kwamba ukiingiza saa zaidi ya mara moja, tuseme leo na kesho, inapima yenyewe kompyuta inakimbia au inachelewa kiasi gani, inaanza kufidia. Kwa hiyo hata bila intaneti, mtu mmoja mwaminifu mwenye saa nzuri anaweza kuishika seva katika mstari.

Mwenye saa nzuri, nimesema. Andikeni kabisa kwenye karatasi mbandike kwenye kabati la seva: saa itachukuliwa kwenye nini, ataiingiza nani, atashuhudia nani, itaandikwa kwenye daftari gani. Saa ya simu iliyounganishwa na mtandao wa simu ni afadhali mara mia kuliko ya ukutani. Simu mbili za kampuni tofauti ni afadhali zaidi.

Na sisi Waswahili tuna mtego wetu wa ziada ambao Profesa Mills hakuufikiria. Saa zetu tunazihesabu tangu jua linapochomoza. Mtu akikuambia kwenye simu "sasa ni saa tatu na robo asubuhi", kioo cha kompyuta kinataka 09:15. Ukiandika 03:15 kama ulivyosikia, umekosea saa 6. Na huo si mwisho. Ndani kabisa seva nyingi zinatunza saa ya dunia, UTC, na sisi tuko saa 3 mbele yake, kwa hiyo muda ule ule huko ndani ni 06:15. Tazama: 3:15 mdomoni, 09:15 kwenye kioo, 06:15 moyoni mwa seva. Yote ni kweli, na mtu mwenye haraka gizani, fundi akiwa mbali, anaweza kushika lolote kati ya hayo. Kwa hiyo karatasi ya kwenye kabati isiseme tu "weka saa ya sasa". Iseme andika kwa tarakimu nne, saa 24, ya Afrika Mashariki au ya UTC.

La tano, mkikosea au mkirekebisha, acheni alama. Seva ikijirudisha nyuma dakika 14, dakika hizo 14 zimetokea mara mbili kwenye kumbukumbu. Kuna barua pepe itaonekana imejibiwa kabla haijatumwa. Kuna mtu ataonekana katoka kabla hajaingia. Yeyote anayetaka kutumia kumbukumbu za seva kumwadhibu mtu, kumfukuza, au kumpeleka mahakamani, kwanza aonyeshe seva ilikuwa inapata saa wapi siku hiyo. Swali la seva inafuata saa ya nani sasa hivi linachukua dakika moja kulijibu; la siku iliyopita linahitaji kusoma kumbukumbu. Fundi anaandika chronyc sources, au ntpq -p kwenye zile za zamani, inatoka orodha ya vyanzo, na chenye alama ya nyota ndicho kinachofuatwa. Kwenye zile za zamani, nyota ikiwa kwenye saa yake yenyewe ya ndani, jueni mnaongozwa na kaimu.

Sisi waandishi tunafundishwa tangu mwaka wa kwanza: usichapishe kwa chanzo kimoja. Ukikosa chanzo, sema hujakipata. Ukimnukuu mtu anayekaimu, andika anakaimu. Nilishangaa sana kukuta kanuni hizo hizo zimo ndani ya programu iliyobuniwa kabla sijazaliwa, na kwamba mashine inazifuata kuliko baadhi ya wahariri ninaowajua. Kilichomponza yule dada si kompyuta. Kompyuta ilisema ilichoambiwa. Kilichomponza ni kwamba neno la seva lilichukuliwa kama neno la msahafu, na neno la mtu likachukuliwa kama kisingizio. Angekuwa hakutuma ule ujumbe, au angekuwa ameufuta ili apate nafasi ya picha za watoto, angesema nini? Nani angemwamini?

Basi kesho ukifika kazini mtafute fundi wenu wa kompyuta, mnunulie chai na chapati, umuulize mambo matatu. Seva yetu inauliza saa kwa wangapi? Wote wakikatika, nani anakaimu? Na yule kibetri wa ndani, mara ya mwisho alibadilishwa lini? Akikujibu yote bila kukuna kichwa, mshukuru, ofisi yenu ina mtu. Akikuna kichwa, usimcheke. Mwandikieni mkubwa barua mnunue kibetri. Ni kitu cha shilingi elfu chache.

Mimi naishia hapa, habari ya kesho inanisubiri na mhariri ameanza kuzunguka zunguka karibu na meza yangu. Alamsiki.